Uniti za Bi. Sikudhani

Nchi yetu haina tatizo la umeme. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani vingine, na pia kwa sababu ipo sheria inayotaka lisemwe. Tuna giza la mara kwa mara, hilo siwezi kulificha, lakini Wizara ilikwisha kueleza kwamba giza ni jambo la asili. Lilikuwapo kabla ya serikali, na serikali ililikuta.

Mimi naitwa Shomvi. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa dirisha namba nne katika Umoja wa Umeme wa Jamii, mjini Sombeza. Jina la Umoja huo lisikuchanganye. Jamii yenyewe ni watu saba walioko kwenye bodi, na wanne kati yao ni wajukuu wa bibi mmoja. Sisi wengine wote tulikuwa wateja. Tulipenda kuwa wateja, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuwa.

Mwaka wa mwisho dirisha langu lilibatizwa Dirisha la Ziada. Mtu akiwa na paneli za jua juu ya paa lake, akazalisha umeme kuliko anaoutumia, ile ziada huingia kwenye nyaya za Umoja na kwenda kwa majirani, na Umoja unatakiwa kumfidia. Kazi yangu ilikuwa kufidia. Dirisha lilifunguliwa Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu kamili asubuhi hadi saa tatu na dakika arobaini, ili wateja wasichoke kusimama.

Mpango huo ulizinduliwa kwa fulana na soda. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Mhandisi Daktari Kilumbi, alipanda jukwaani akasema maneno ambayo wengi wetu tuliyashika kwa moyo.

"Ndugu zangu, jua ni lenu, nyaya ni zetu. Mtupe mchana, tutawarudishia usiku. Uniti kwa uniti. Mimi Kilumbi nikiahidi nimeahidi."

Watu wakapiga makofi. Walipewa fulana baada ya makofi, si kabla.

*

Wa kwanza kusaini mkataba katika Mtaa wa Mkonge alikuwa Bi. Sikudhani. Huyu alikuwa mkunga wa hospitali ya wilaya kwa miaka thelathini na minne. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, wakiwamo wajumbe wawili wa bodi ya Umoja, na kwa hilo hawezi kulaumiwa, maana mtoto akizaliwa haonyeshi dalili.

Mumewe, Mzee Chambuso, alifanya kazi kiwanda cha saruji mpaka mapafu yake yakagoma. Daktari alisema ataishi, tena anaweza kuishi miaka mingi, ilimradi apumue kwa mashine ya oksijeni mchana na usiku. Mashine walipata. Tatizo likawa umeme wa kuiendesha. Bi. Sikudhani alipopata kiinua mgongo chake alinunua paneli kumi na mbili, akazitandaza juu ya bati. Betri za kutosha kukesha hazikuingia kwenye bajeti. Lakini Umoja ulikuwa umeahidi kurudisha usiku, naye akauamini, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na hakuwahi kuufanyia kazi.

Miezi minne mambo yalikwenda. Mchana paneli ziliendesha mashine ya mzee, na zilizobaki ziliingia mtaani. Kila Jumanne Bi. Sikudhani alifika dirishani kwangu, nikampa tokeni, yaani ule mstari wa tarakimu ishirini, akaenda kuziingiza kwenye mita yake, na mzee akapumua usiku kucha. Mara moja aliniletea maembe manne. Niliyaandika kwenye daftari la zawadi, na msimamizi wangu akayala kwa niaba ya ofisi.

*

Mwezi wa tano ukaja Waraka Namba Kumi na Saba.

Waraka ulisema kwamba kamati ya watu tisa ilikaa ng'ambo wiki tatu, katika hoteli yenye utulivu, ikiupima umeme wa jua kwa uzito. Imegundulika kwamba umeme huo ni mwepesi. Uniti saba za jua ndizo zinazolingana na uniti moja ya Umoja. Mhandisi Kilumbi alilieleza jambo hilo redioni kwa lugha nyepesi ili hata wakulima waelewe.

"Umeme wetu unatokana na maji," alisema. "Maji ni mazito, kila mama aliyewahi kubeba ndoo anajua. Sasa jua, nani amewahi kulibeba?"

Mtangazaji alikiri kwamba hajawahi.

Alhamisi iliyofuata Bi. Sikudhani alifika dirishani akiwa wa kwanza, ameshika karatasi aliyoletewa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Naona miwani yangu leo haisemi kweli."

Nikamsomea. Uniti zilizopokelewa kutoka kwa mteja, mia tatu na kumi na mbili. Baada ya kupimwa uzito, arobaini na nne. Nusu hupotea njiani kwenye nyaya, zinabaki ishirini na mbili. Ada ya kupokelewa, uniti ishirini, zinabaki mbili. Tozo ya kivuli, kwa kuwa paneli za mteja zinazuia jua la taifa lisifike kwenye bati, uniti kumi na moja. Mteja anadaiwa uniti tisa.

Alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Nimewapa mia tatu na kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa mnanidai tisa."

"Ndiyo, mama. Lakini ukilipa ndani ya siku saba unapewa cheti."

"Cheti cha nini?"

"Cha shukrani."

Hakupandisha sauti. Miaka thelathini na minne chumba cha wazazi, nadhani, kelele walipiga wengine. Aliniuliza tu, "Na huyu jirani yangu aliyezitumia uniti zangu, yeye mlimpa saba kwa bei ya moja?"

Nikaangalia kwenye kompyuta. Jirani alikuwa amelipia uniti zote, moja moja, kwa bei kamili.

"Hapana, mama. Zikishavuka ukuta zinakuwa nzito."

Alinitazama kwa muda, namna ambavyo huenda aliwatazama watoto waliochelewa kulia. Kisha akakunja karatasi yake, akauliza ofisi ya rufaa iko wapi.

*

Rufaa ilisikilizwa baada ya miezi miwili na nusu. Mwenyekiti wa Kamati ya Rufaa alikuwa Mhandisi Kilumbi mwenyewe, kwa kuwa kanuni zinataka shauri lisikilizwe na mtu anayelifahamu vizuri. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu, na hivyo niliyasikia yote.

Bi. Sikudhani alisimama mbele ya meza ndefu yenye maji ya chupa na sambusa. Aliwaeleza kwamba tokeni anazojinunulia sasa zinaisha kabla ya alfajiri. Zikiisha, mashine inazimika, naye humkalisha mzee kitandani, akamwegemeza kifuani kwake na kumpepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka jua litoke na paneli ziamke. Juzi midomo ya mzee ilikuwa imegeuka rangi.

"Mimi ni mkunga," alisema. "Rangi ile naijua. Sikuja kuomba msaada. Nimekuja kuchukua kilicho changu, tulichoandikiana."

Wajumbe walitazamana. Mmoja wao, ambaye Bi. Sikudhani alimzalisha mama yake, aliuliza kama sambusa zilizobaki zina nyama. Mhandisi Kilumbi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Huwa anafanya hivyo akitaka hekima ionekane.

"Kamati imekusikia kwa uchungu mkubwa," akasema. "Hatuna mioyo ya chuma. Lakini lazima tuangalie picha pana. Mchana umeme ni mwingi, usiku ni mchache. Huyu mzee anatumia oksijeni usiku, wakati taifa linaihitaji. Kwa hiyo Kamati inashauri, na karani aandike, kwamba Mzee Chambuso ajitahidi kupumua zaidi mchana."

Nikaandika. Nilipofika kwenye neno "kupumua" kalamu iligoma kidogo, nikaitikisa, ikaendelea.

"Mchana," Bi. Sikudhani akarudia.

"Mchana. Ajiwekee akiba."

Bi. Sikudhani alisema asanteni, kama mtu aliyelelewa vizuri, akatoka na mkoba wake.

*

Jumatatu saa nne asubuhi bajaji ilisimama mbele ya makao makuu ya Umoja. Akashuka Bi. Sikudhani, akamshusha mumewe taratibu, akateremsha mashine, mto, godoro la sponji, sufuria na mfuko wa unga wa uji. Mzee Chambuso alikuwa mtu mrefu aliyekonda, amevaa koti lake la siku za sherehe, na puani ana ule mpira mwembamba wa mgonjwa.

Ukumbi wetu wa mapokezi ni fahari ya Umoja. Una taa kubwa ya vioo inayowaka saa ishirini na nne, kwa maagizo kwamba makao makuu yasikose mwanga hata siku moja, wananchi wakaingiwa na wasiwasi. Katikati kuna chemchemi ya maji yenye rangi tatu. Bi. Sikudhani aliizunguka ile chemchemi akikagua, akaiona soketi yake ukutani, akachomoa plagi ya chemchemi na kuchomeka mashine. Maji yakashuka. Mashine ikaanza kunguruma polepole. Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Mlinzi Matimbwa akaja mbio.

"Mama, hapa hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi nini?"

Matimbwa ni mtu anayependa kujibu kwa uhakika. Alikwenda kwenye ubao wa makatazo akausoma wote. Ulikataza kuvuta sigara, kutema mate, kuuza karanga, kupiga picha na kuingia na kandambili. Alirudi akakuna kichwa.

"Kupumua hakumo," alisema.

"Basi tafuta kiti cha mzee, baba. Godoro tutalitandika jioni."

Matimbwa akaleta kiti. Mimi niliagizwa nishuke nikamwulize huyu mteja ana shida gani. Alikuwa amekwisha kufungua daftari la shule lenye mistari.

"Umoja wenu una uniti zangu mia nane na themanini kwa mkataba tuliosaini," aliniambia. "Mashine hii inakula nane kwa siku. Kwa hiyo nitakaa hapa siku mia moja na kumi, kisha nitakwenda kwangu. Sitawaomba hata moja ya ziada."

"Mama, lakini hapa ni ofisini."

"Najua. Hata kule ni nyumbani kwangu, na mlikuja mkachukua."

Nilipanda ngazi nikatoa taarifa. Msimamizi wangu alisema tumwache, atachoka.

Hakuchoka. Siku ya pili alikuja Faraji, fundi cherehani wa mtaa uleule, mwenye paneli nne na uniti tisini anazodai. Alileta cherehani ya umeme na pasi, akatafuta soketi karibu na sanamu ya mwenyekiti wa kwanza wa bodi, akaanza kushona sare za shule. Siku ya tatu akaja Mama Ng'wandu anayeuza barafu, na friza yake ikabebwa na vijana wanne. Kufikia Jumatano jioni walikuwa ishirini na watatu, kila mmoja na daftari lake, kila mmoja akiandika anachotumia kwa uaminifu uliotutia aibu. Kinyozi alinyoa. Uji ulichemka kwenye jiko la sahani. Wafanyakazi wa ghorofa ya pili walianza kushuka kununua barafu, kwa sababu friji ya ofisi ilikuwa imeharibika tangu sikukuu ya mwaka juzi.

Nilimwona Mzee Chambuso akibadilika. Rangi ilirudi. Alhamisi asubuhi alimkosoa Faraji kuhusu kola.

*

Sasa ikatokea kwamba Ijumaa saa saba mchana Waziri alitarajiwa kuja kuzindua saa mpya ya ukutani. Mhandisi Kilumbi alikuwa akipita mlango wa nyuma wiki nzima ili asiuone ukumbi wake, lakini Waziri hapitishwi mlango wa nyuma. Ijumaa asubuhi akawaita wakuu wote.

"Ukumbi uwe mtupu ifikapo saa sita," alisema. "Sitaki kujua kwa njia gani. Uwe mtupu."

Jambo rahisi lingekuwa kuzima swichi kuu. Fundi wa zamu aliitwa. Alisema yuko tayari hata sasa hivi, apewe tu amri kwa maandishi, yenye sahihi, kwa kuwa yule mzee yuko kwenye mashine. Hapo kila mkuu akapapasa mifuko yake. Katika nchi yetu anayesaini ndiye anayefungwa, kwa hiyo watu wenye vyeo husahau kalamu nyumbani. Mkurugenzi akamwambia Naibu aliangalie suala hilo. Naibu akamwambia Mkuu wa Uhusiano Mwema. Mkuu wa Uhusiano Mwema akamwambia msimamizi wangu, na msimamizi wangu akaniambia mimi. Niliangalia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Anza na ile mashine," msimamizi alisema. "Ikitoka hiyo, wengine watatoka wenyewe."

"Nichomoe?"

"Mimi sijasema uchomoe. Nimesema uanze."

Nilishuka. Ilikuwa saa nne na nusu. Bi. Sikudhani alikuwa jikoni, yaani pale kwenye kona ya sanamu, anakoroga uji. Watu waliponiona nakwenda kwenye ukuta wa chemchemi, mazungumzo yalikoma. Cherehani ya Faraji ikasimama. Mzee Chambuso alikuwa amekaa kwenye kiti cha Matimbwa, miguu yake imeziba njia ya soketi. Aliniona, akaiona na nia yangu. Akavuta miguu yake pembeni, mmoja kisha mwingine, ili nipite.

"Shika plagi yenyewe, mwanangu," alisema kwa ile sauti yake ya upepo. "Usivute waya. Umechubuka pale, utakurusha."

Nilichuchumaa. Mkono wangu ulikuwa umefika kwenye plagi. Ilikuwa ya moto kidogo. Nilisikia mashine ikipumua na yeye akipumua nyuma yake, mmoja akimfuata mwingine. Miaka kumi na mmoja nimewasomea watu karatasi za madeni na kulala vizuri, na sielezi kwa nini siku ile nilishindwa. Labda kwa kuwa alihofia nisije nikarushwa na umeme.

Nilisimama, nikaenda dirishani kwangu.

Nilitafuta Waraka Namba Kumi na Saba kwenye jalada. Nilikuwa nimeutumia miezi yote ile lakini sijawahi kuusoma mpaka mwisho. Mwishoni kulikuwa na jina la Mhandisi Kilumbi, cheo chake, shahada zake tano, kisha mstari wa sahihi. Mstari ulikuwa mtupu. Mkurugenzi alisahau kalamu hata siku ile. Kwa sheria za Umoja, karatasi isiyo na sahihi ni karatasi ya kufungia karanga, na karanga zenyewe zilikwisha kukatazwa. Mkataba wa kwanza, ule wa uniti kwa uniti, yeye alikuwa ameusaini jukwaani mbele ya wapiga picha, kwa herufi kubwa.

Nikafungua dirisha. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo halikuwa limewahi kufunguliwa, na bawaba zililia.

"Wenye ziada wapange mstari," nilisema.

*

Niliwapa wote. Faraji uniti zake tisini. Mama Ng'wandu mia mbili na sita. Kompyuta haikuuliza swali, yenyewe haina bodi. Kila aliyepata tokeni zake aliusoma mstari wa tarakimu mara mbili, akafunga daftari, akaanza kukusanya vitu vyake. Vijana wanne wakaibeba friza.

Bi. Sikudhani alikuwa wa mwisho.

"Hizi ni ngapi?"

"Mia nane na themanini, mama."

"Hujapunguza?"

"Hata moja. Za wiki hii nimeziandika kwa chemchemi."

Aliikunja ile karatasi ndogo, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wake, ule wa zipu.

"Watakufukuza," alisema.

"Nadhani, mama."

"Umekula?"

Sikuwa nimekula. Alinimiminia uji uliobaki kwenye kikombe cha bati, akasimama palepale dirishani mpaka nikaumaliza, kisha akachukua kikombe chake. Matimbwa alimsaidia mzee kuingia kwenye bajaji. Saa tano na dakika ishirini ukumbi ulikuwa mtupu.

Waziri alikuja saa kumi, akazindua saa. Mhandisi Kilumbi alitoa hotuba ndefu, akaeleza jinsi wiki ile kulivyokuwa na wateja wachache waliopotoshwa, na jinsi yeye binafsi, kwa mazungumzo ya kina na ya usiku na mchana, alivyowarudisha kwenye mstari bila kutumia nguvu. Waziri aliguswa. Alimvisha nishani ya utulivu hapohapo, kwa kuwa alikuwa na moja kwenye gari.

Jumatatu Mkurugenzi akaletewa hesabu za Dirisha la Ziada. Aliniita. Nishani bado ilikuwa kifuani.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Mheshimiwa ulisema ukumbi uwe mtupu saa sita, na hutaki kujua kwa njia gani."

"Unaweza kuzifuta hizo tokeni?"

"Zinafutika, Mheshimiwa. Lakini watarudi, na magazeti yameandika kwamba umekwisha kuelewana nao."

Aliliangalia jambo hilo upande huu na upande ule, na kila upande lilikuwa na nishani. Mwishowe akasema kwamba Umoja unathamini sana utumishi wangu, na kwa kuuthamini huko umeamua kunihamisha.

*

Nilihamishiwa Lumangilo, kijiji kilichoko siku moja na nusu kutoka Sombeza, nikiwa Msoma Mita Mwandamizi. Lumangilo hakuna mita. Hakuna nyaya wala nguzo. Mshahara ulipunguzwa nusu kwa kuwa kazi ni nyepesi, na sikuweza kubisha, kazi yenyewe kwa kweli haikuwa na uzito wowote.

Habari za mjini nilizipata kwa barua za Bi. Sikudhani. Zile uniti ziliwafikisha karibu miezi saba, kwa usiku peke yake. Katika miezi hiyo Mtaa wa Mkonge walichangishana, wakanunua betri za pamoja, wakaziweka chumba cha nyuma kwa Faraji. Siku betri zilipowaka walimwita fundi, wakakata waya wa Umoja nyumba baada ya nyumba. Mitaa ya jirani ikaanza kukosa umeme mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea Sombeza. Wizara ikatoa tamko kwamba ule si upungufu, ni kivuli. Mzee Chambuso bado anapumua, aliandika, na siku hizi hamsalimii Faraji kwa sababu ya timu za mpira.

Aliniandikia pia kwamba Mhandisi Kilumbi ameweka paneli arobaini nyumbani kwake, na Umoja unamfidia uniti kwa uniti. Paa lake ni la ghorofa. Umeme wake huanguka kutoka juu sana, na hivyo kamati imeridhika kwamba ni mzito.

Lumangilo nilikaa na watu vizuri. Mwenyekiti wa kijiji, Bi. Nyamizi, aliniuliza umeme unapatikanaje, nikamwambia ninachojua, yaani upande wa paa tu. Zile habari za madirisha sikumchosha nazo. Walianza na zahanati, paneli sita na betri mbili. Ikafuata shule, kisha mashine ya kukoboa, kisha nyumba kumi na tatu. Mimi niliwafundisha kugawana, anayebakiwa leo anampa aliyepungukiwa, na kesho hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kupima uzito.

Mwaka wa pili ikaja fomu kutoka makao makuu. Umoja ulikuwa ukitafuta vijiji vya kuingizwa kwenye mpango mpya wa kufidia ziada, na kabla ya kutuma kamati ulitaka majibu ya swali moja: Je, kijijini kwenu kuna jua?

Tulikuwa tumekaa barazani kwa Bi. Nyamizi, saa saba mchana. Bati lilikuwa likilia kwa joto, na mbwa alikuwa amehamia chini ya kiti changu.

"Tuwajibu nini?" Bi. Nyamizi akauliza.

Nikachukua kalamu, nikaandika: Hapana. Huku halichomozi.

Wiki mbili baadaye fomu ilirudi, imegongwa mihuri mitatu. Pembeni Mhandisi Kilumbi alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: Poleni sana. Serikali inalifanyia kazi.